Kilichofukiwa Nyuma ya Hoteli ya Mawe

Benchi letu liko barazani kwangu mimi fundi cherehani, ng'ambo ya uzio wa nyuma wa Hoteli ya Mawe, hapa hapa Mbulu mjini. Nasema letu kwa adabu tu, maana mbao nilinunua mimi, misumari nilipiga mimi, na wanaolikalia hawajawahi kuniletea hata suruali ya kupunguza. Hoteli yenyewe ilijengwa na Mjerumani, Mwingereza akaikalia, shirika la umma likairithi, popo wakaimalizia, na ulipofika ule wakati wa kuuza kila kitu ikanunuliwa na Mama Restituta, mzaliwa wa Endagikot aliyefanya kazi miaka mingi kwenye mahoteli ya Arusha. Asubuhi ninayoisimulia ilikuwa siku ya mnada. Ukungu ulikuwa haujapanda, Fransiska muuza kahawa ameshamimina ya kwanza, na watu wamekunja sura. Mwisho wa benchi, karibu na mlango wangu, ndipo anapokaa Boila. Palikuwa patupu kwa wiki ya pili, na hakuna aliyethubutu kupakalia.

Boila alichochea tanuri la maji moto la hoteli tangu enzi za shirika. Alikuja kazini kila Jumatatu akitokea kwao Tumati, akalala chumba cha uani wiki nzima, Jumamosi akarudi. Kila jioni alivuka barabara kuja kunywa kahawa, na kikohozi chake kilitangulia. Tukikisikia getini, Fransiska alianza kumimina, nasi tukaanza kumtania kwamba amekunywa moshi mwingi kuliko dohani. Jumamosi, kabla ya kukimbilia basi, alisimama na kifurushi chake na kutukaribisha kwake. "Siku moja mje," alisema, "mkishuka pale njia panda ya kanisa," na hapo lazima mmoja wetu amkate: tutakuja, Boila, tutakuja, wahi basi lako.

Mama Restituta alipoingia alikuja na mambo yake, na benchi liliyachambua yote. Shuka za mgeni hazifuliwi kila siku mpaka mwenyewe aombe. Chupa za plastiki marufuku, maji ya kunywa yako kwenye mtungi wa udongo. Maji ya kuogea hayamwagwi, yanapita kwenye mfereji wa mawe na matete yakajichuja, halafu yananywesha kabichi na miparachichi. Kuta za zamani zinazibwa kwa chokaa, si sementi, ati mawe yapumue. Juu ya paa wakalaza mabomba meusi ili jua lichemshe maji. Kubwa kuliko yote, alisema hataki tena gogo hata moja kutoka msituni, na jiko litapikia gesi ya mavi ya ng'ombe. Siku aliyotangaza kwamba tanuri linazimwa, Boila aligombana naye pale getini, sauti ikafika mpaka kwenye cherehani yangu. Baada ya hapo wakaziba ua wa nyuma kwa mabati, tukawa tunasikia sepeto tu. Boila aliendelea kuja kunywa kahawa, lakini tukimuuliza kinachojengwa kule alitazama kikombe. Halafu mabati yakaondolewa. Katikati ya ua palikuwa na tuta la mviringo, refu kunizidi kidogo, limekandikwa vizuri, na Boila hakuonekana tena.

— Mlinzi amesema nini leo? aliuliza Abel, ambaye tunamwita Redio kwa sababu hakuna habari isiyopita kwake.

— Yale yale, alijibu Magogo. Yuko kwao Tumati, anaumwa. Juzi Tumati, jana Tumati, leo Tumati.

— Kama anaumwa si angeletwa hospitali hapa mjini?

— Ndiyo nasema.

— Si mwende Tumati mkamwone, alisema Fransiska.

— Tumati ni kubwa, mama, Magogo alimjibu. Wewe mimina.

Magogo jina lake ni Sebastiani. Ana lori bovubovu ambalo miaka yote lilikuwa likileta kuni za tanuri pale hotelini. Tangu tanuri lizimwe, lori limelala mbele ya nyumba yake na kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva. Hilo tulilijua wote, na lingetosha kumfanya mtu apime maneno yake kabla ya kuyameza. Lakini hofu ikishakaa benchini, inakunywa kahawa na watu.

— Mimi naona mnatafuta mbali, alisema Maximilian. Lile tuta ni la mkoa.

Huyu ni Makao Makuu. Mkoa wa Manyara ulipokatwa kutoka Arusha aliapa kwamba makao makuu yatakuwa Mbulu, akanunua hata koti la kupokelea wageni. Yalipokwenda Babati alilivaa koti hivyo hivyo, na mpaka leo hakuna jambo baya chini ya jua ambalo halikuanzia Babati.

— La mkoa kivipi? aliuliza Redio.

— Babati wana ofisi, wana viti vya kuzunguka. Wamekosa nini? Wamekosa historia. Mjerumani alilala hapa. Sasa wanaikusanya historia yetu kidogo kidogo, wanaifukia pale. Ikijaa, watakuja na lori.

— Historia inafukiwaje, kaka?

— Rupia. Mihuri. Bendera. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba ni cha nafaka.

— Kibaba ni chombo, unatia unachotaka.

Siku nyingine tungecheka. Redio alitikisa kichwa, akawasha sigara.

— Nyie mko nyuma. Ni gesi kweli, ila hiyo ya kupikia ni changa la macho. Nimesikia habarini, siku hizi gesi inasafiri kwa bomba, inavuka mpaka wa nchi na nchi. Lile bomba mnaliona linaingia jikoni. Mmeona linapotokea?

— Linatokea wapi?

— Arusha, na kutoka Arusha sijui wapi. Ng'ombe wa Mbulu anakula majani ya Mbulu, ananya Mbulu, halafu mtu mwingine kabisa anachemshia chai. Walibinafsisha benki tukanyamaza. Wakaja kwenye mashamba ya ngano kule Hanang, tukanyamaza. Sasa wamefika kwenye mavi.

— Ndiyo maana wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, alisema Makao Makuu.

— Samaki anahusikaje na mavi?

— Vyote vinanuka.

Mimi niliendelea kupiga pindo la gauni. Mke wangu alikuwa akipeleka ndoo ya mavi ya ng'ombe wetu pale hotelini kila asubuhi, anarudishiwa ndoo ya uji mweusi uliokwisha kutoa gesi, anaumwaga kwenye shamba la nyuma. Kabichi zilikwishaanza kunenepa ambavyo sijapata kuona. Lakini kabichi si kitu cha kumweleza mtu ambaye rafiki yake hajulikani alipo.

— Mnacheza, alisema Magogo.

Aliweka kikombe chini. Aliposhusha sauti, sisi sote tuliinama.

— Siku ile pale getini Boila alimwambia nini yule mama? Fundi, wewe ulisikia.

Nilisikia. Mji mzima ulisikia.

— Sema.

— Alisema, mtanitoa hapa mkinifukia.

— Haya. Baada ya hapo mabati. Mabati yametoka, tuta lipo, Boila hayupo. Hiyo ni hesabu ya darasa la ngapi?

Fransiska aliacha kumimina.

— Unasema amefukiwa?

— Mimi sijasema. Nimesema mhesabu.

— Nyumba za zamani ndivyo zilivyo, Redio alidakia. Zikichoka, kusimama tena zinataka mtu. Nilisikia daraja moja lilikuwa likianguka kila mwaka, mpaka wakatia mtu. Mpaka leo limesimama.

— Daraja gani?

— Moja tu. Na yule mama leo mmemwona? Ametoka na pikapu yake kabla ya jua. Anakimbia nini?

Nataka niseme ukweli wa moyo wangu saa ile. Niliogopa. Nilijua Magogo anasema kwa sababu ya lori, nilijua Redio hajawahi kusikia habari akaiacha na urefu wake, lakini kila nikiinua macho naikuta ile nafasi tupu mwisho wa benchi. Kikohozi cha mtu ukikizoea miaka, kimya chake kinakuwa kelele.

Hapo ndipo akapita mtu na dume la ng'ombe, akielekea mnadani. Alikuwa mtu wa makamo, amejifunga shuka nyekundu, fimbo begani, na vumbi la uwanda wa Hanang limemfika magotini. Alipofika kwenye pengo la uzio alisimama ghafla. Alitazama tuta kwa muda, akaja kwangu, akafunga dume kwenye nguzo yangu bila kuomba. Kisha aling'oa majani mabichi pembeni ya barabara, akapenya kwenye uzio, akaenda kuyalaza taratibu chini ya tuta. Alisimama pale ameinamisha kichwa. Mlinzi alimwona, akamwacha. Alivyorudi alitusalimia kwa heshima, akasema anaitwa Gidamis, wa Balangdalalu. Halafu akauliza:

— Ni mzee gani amelala pale?

Kikombe cha Redio kilianguka, kahawa ikaingia kwenye kiatu cha Makao Makuu. Makao Makuu hakuutikisa mguu.

— Umejuaje kuna mtu? aliuliza Magogo, na nilichukia kuona uso wake umekunjuka.

— Nina macho. Kwetu mzee wa heshima akifa anajengewa bung'eda. Ni tuta la udongo, linakandikwa mavi ya ng'ombe, na ukoo mzima unakuja, linajengwa kwa miezi. Lile bado halijafika urefu wake. Lakini mkono uliolikandika ni mkono wa kwetu.

— Kwa nini wa kwenu?

— Angalia vidole vilivyopita. Vinapanda kwa kuzunguka. Fundi wa sementi anapiga mwiko, hapitishi vidole. Kwani nyinyi ni majirani, hamkuja kwenye mazishi?

Magogo alikwishasimama. Alikwenda nyumbani kwake, si mbali, akarudi na sururu begani.

— Nani anakuja?

— Nenda polisi kwanza, baba, Fransiska alimsihi. Au msubiri mwenyewe arudi umuulize.

— Polisi wataniuliza ushahidi. Ushahidi uko chini pale. Yule alikuwa rafiki yetu, mama. Tumekaa naye benchi moja miaka yote hii, halafu tukae tunywe kahawa huku amewekewa mavi juu?

— Asiyekuwepo na lake halipo, alisema Makao Makuu, akitaka kumuunga mkono.

Lile neno lilinichoma, ingawa hakujua amesema nini. Tulisimama wote. Sikumbuki kuamua. Niliacha sindano ikiwa ndani ya gauni la watu, nikavuka barabara na wenzangu, Fransiska nyuma yetu bado ameshika birika.

Mlinzi alikuwa kijana mmoja wa Dongobesh na kirungu chake, akatazama sururu, akatazama umri wetu, akatusalimia kwanza. Kisha alituomba tusisogee. Alisema ndani ya tuta kuna gesi, kuna wageni wamelala mle hotelini, na tuta likipasuka karibu na moto hatajua aanze kumwokoa nani. Alipotaja moto nilikumbuka, nikageuka. Redio alikuwa nyuma yangu na sigara yake ya pili inawaka. Nilimnyang'anya, nikaitupa barabarani, nikaikanyaga mpaka ikawa unga. Hakugomba.

— Sogea, kijana, alisema Magogo.

Mlinzi alisogea. Mbele ya tuta akabaki mtu mwingine. Gidamis alikuwa ameingia kwa kupitia pengo lake, akasimama mbele ya majani aliyoyalaza, fimbo ameikamata kwa mikono miwili.

— Hulipigi, alisema.

— Wewe ndiye umetuambia kuna mtu.

— Ndiyo. Ndiyo maana hulipigi.

— Unamjua aliyemo?

— Simjui.

— Sisi tunamjua. Pisha.

— Tuta la baba yangu lilipitiwa na trekta la ngano, alisema Gidamis. Dereva nilimfuata nikamuuliza. Alisema alidhani ni kichuguu. Nilikuwa mdogo kuliko huyu mlinzi, sikuweza kufanya kitu. Leo nimekua.

— Aliyezikwa kwa hila anafukuliwa, ndugu yangu, azikwe vizuri.

— Kwa sururu? Kuna jembe la mkono, kuna mikono. Ungekuwa unamtafuta rafiki yako ungekuja na sururu?

Magogo alinyanyua sururu. Sikujua kama anataka kumtisha mtu au kupiga tuta, na sidhani kama mwenyewe alijua. Gidamis hakurudi nyuma. Alisema kwa sauti ile ile:

— Nyinyi mmefiwa na rafiki. Mimi naona mmekasirika tu. Sioni anayelia.

Nikatazama nyuso zetu. Ilikuwa kweli, na ilinitia haya kama nimekutwa bila nguo. Fransiska peke yake alikuwa na machozi, na yeye hakutaka tuje.

— Shikamooni.

Sauti ilitoka getini. Binti mmoja wa miaka ishirini na kitu alikuwa amesimama pale, ana sweta la zamani la shule na raba zenye tope jekundu. Kwetu shikamoo haiachwi hewani hata pawe na nini. Tuliitikia marahaba wote, na Magogo akaitikia sururu likiwa juu ya kichwa chake.

— Natafuta wazee wa benchi, alisema yule binti. Nimekwenda pale kwa fundi, nikaona ng'ombe tu. Mimi naitwa Juliana. Ni mtoto wa Onesphory.

Tulitazamana. Makao Makuu akauliza kwa adabu, Onesphory yupi.

— Aliyekuwa anachochea hapa, alisema Juliana. Nyinyi si mnamwita Boila?

Sururu lilishuka. Fransiska alikaa chini pale pale kwenye nyasi na birika lake, akaanza kulia kwa sauti, akimshukuru Mungu. Redio aliniambia sikioni kwamba yeye tangu mwanzo alikuwa na wasiwasi na habari ile. Magogo alisema yuko hai, yuko hai, kama mtu anayesomea wengine, na nitamtendea haki, furaha yake ilikuwa ya kweli. Ilimjia usoni kabla hajakumbuka lori.

— Yuko hai, alisema Juliana, ila pumzi haipandi. Mama Restituta ndiye aliyempeleka hospitali mwanzo. Daktari akasema ni moshi, kifua kimejaa moshi wa miaka yote ile, asisogelee tena tanuri. Ndiyo wakagombana. Baba alisema bora afie kwenye moto wake kuliko kuhamia kwenye mavi.

— Lakini alikuja kazini, nilisema. Alikuwa anakuja kwenye kahawa.

— Alikubali baadaye. Ufa ulikuwa unatokea kwenye tuta la gesi kila udongo ukikauka, mafundi wamechoka, yeye akasema ngoja, bibi alinifundisha kukandika. Lile lote alikandika baba kwa mikono. Alitukataza tusiwaambie. Alisema mkijua mtamcheka.

Hapo kila mmoja alitafuta mahali pa kuweka macho. Tungemcheka. Makao Makuu angetafuta methali, Redio angeitangaza mpaka sokoni, na mimi ningecheka kuliko wote, maana ndiye mwenye benchi.

— Bibi yako, mzaa baba, ni wa wapi? aliuliza Gidamis.

— Balangdalalu.

Gidamis alitikisa kichwa polepole. Aliinama, akayaokota yale majani mabichi chini ya tuta, akayapangusa mchanga, akampa Juliana kwa mikono miwili.

— Mpelekee, alisema. Nilimwekea kimakosa; majani mabichi kwetu ni amani. Mtu aliye hai ndiye wa kutakiwa amani.

Juliana aliyapokea, akayatia ndani ya sweta. Kisha alitugeukia sisi, na nikaona kwamba alikuwa amejizuia kwa muda mrefu na sasa ana haraka.

— Usiku kifua kimebana sana, alisema. Nimekuja na gari la maziwa alfajiri, Mama Restituta akanipeleka hospitali. Yuko pale anasubiri nesi na mtungi wa hewa, watakuja na pikapu. Lakini gari haliteremki bondeni kwetu, linaishia juu. Pale ni kubebwa. Majirani wazima wameshuka mnadani, wamebaki wazee na mama yangu. Nilitaka niende kwa padri kuomba watu, baba akakataa.

Aliyashika majani ndani ya sweta, akaendelea.

— Alisema nisihangaike na watu wa kuomba. Alisema niende benchini. Alisema, pale nina rafiki zangu, waambie machela iko darini, watakuja.

— Tunakwenda, alisema Magogo. Alilitupa sururu nyasini. Tunakwenda sasa hivi, mwanangu.

— Asante, baba. Basi la Tumati liko stendi linapakia, mkikimbia mnalipata. Mtangulie, mumtoe mpaka juu, gari likifika limkute tayari. Mimi lazima nirudi hospitali nimwelekeze nesi, hapajui kwetu.

Alikuwa ameshageuka kwenda. Alifika getini, akakumbuka kitu kidogo, akasimama.

— Mkishuka pale njia panda ya kanisa, mnakumbuka mnashika mkono gani?

Mlinzi alimtazama Magogo. Magogo alinitazama mimi. Makao Makuu alianza kufungua vifungo vya lile koti lake na kuvifunga tena. Redio, ambaye hakuna habari isiyopita kwake, alikuwa anatazama mahali nilipoikanyagia sigara yake. Kule stendi dereva wa basi alipiga honi.

Juliana alirudi hatua mbili kuelekea kwetu. Alidhani hatujamsikia vizuri.

— Kulia au kushoto?